Kilo ya Naima

Kwa mama yangu mpenzi,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya, na kwamba goti limepoa kiasi cha kukuwezesha kwenda hadi kisimani. Huku sisi tunaendelea vizuri, alhamdulilahi.

Mume wangu Hussen alikupigia kukwambia kwamba nimejifungua kabla ya wakati, na kwamba umepata mjukuu wa kike, Naima. Mtandao wa Songo Mnara ulikatika hajamaliza. Nikamwomba asipige tena, maana yaliyobaki nilitaka kukueleza mwenyewe.

Naima alizaliwa na gramu mia tisa. Hata pakiti ya sukari ya dukani inamzidi, mama. Kunyonya hawezi, hivyo namkamulia maziwa, na muuguzi wetu, Sista Devota, anayapitisha kwenye mpira mwembamba. Tulianza na mili mbili. Zilipofika mili tano, kijiko kimoja cha chai, nilijiona kama nimempikia pilau.

Wiki iliyopita alikuwa akisahau kupumua. Daktari akaagiza dawa kwa simu, na muuguzi mgeni aliyepokea akasikia miligramu, kumbe daktari amesema mikrogramu. Alipoanza kukusanya vichupa vingi, Devota akamwambia, “Subiri kwanza, mdogo wangu. Dozi ya huyu haiwezi kuwa vichupa vyote hivi.” Wakampigia daktari tena. Baadaye Devota alinikalisha akanieleza kwamba miligramu moja ni mikrogramu elfu. Mwanangu angepewa dawa mara elfu ya ile aliyostahili. Alichochomwa hakikuzidi tone.

Tangu siku hiyo mimi na Hussen tunapokezana kumlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, na pumzi yake imetulia. Jumatatu mizani ilisoma kilo moja kamili. Wodi nzima ilipiga vigelegele, na Hussen akaenda kununua sukari, kina mama wote wakanywa chai.

Sasa mama, kaa kitako. Naima hakuja peke yake. Alitanguliwa na pacha wake wa kiume, mdogo wa umbo kuliko yeye, na hakumaliza hata saa moja. Tulimwita Shaaban, jina la marehemu baba. Nilimshika akiwa bado wa moto. Hussen na ndugu zake walimzika kwao Mingoyo, nami nikiwa kitandani.

Watu wananiambia nisimfikirie sana, kwa kuwa alikuwa mdogo mno. Nawaitikia, lakini maziwa yakinijia nawakumbuka wote wawili.

Goti likikuruhusu, njoo. Nisalimie shangazi Sauda na majirani wote, uwaambie Naima anawaamkia. Na ukifika, mama, naomba uniulize habari za Shaaban pia. Hapa kila mtu ananiuliza za Naima tu.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Maimuna