Fundi wa Viti wa Kizota

Kizota, Dodoma
11 Februari 2024

Mama Violeth,

Habari za siku nyingi, na habari za huko Kibakwe? Mama yako hajambo na magoti yake? Mimi namshukuru Mungu ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, nalo nitalieleza.

Najua utashangaa kuona karatasi. Tangu tuachane, huu mwaka wa sita, tumekuwa watu wa simu, tena ni mambo ya Violeth tu. Lakini siku hizi simu yako anapokea mama, na kwa sababu ya masikio anaweka spika, basi habari zangu zinasikika uani kote. Nimeona bora nimpe kondakta wa basi bahasha.

Ernest amefariki. Yule niliyekuwa nakagua naye mahindi Kibaigwa, aliyenisimamia siku ya harusi yetu. Alikuwa anakunywa chai ofisini, akaegemea kiti, ikawa basi. Tulizaliwa mwaka mmoja. Tumemzika mwezi wa kumi na moja, na tangu siku hiyo sijatulia. Naangalia mafaili mezani naona kama yananisubiri nife ndipo yafungwe.

Nimefanya vituko, na sina mwingine wa kumsimulia akacheka. Nimepaka piko kichwani kuficha mvi, ikanibabua masikio. Nimejiunga na klabu ya kukimbia ya Jumamosi, wenzangu wote ni rika la Violeth, wananiita mzee na kunisubiri kwenye kona. Na nimenunua pikipiki.

Hiyo pikipiki ndiyo iliyoniangusha. Niliteleza kwenye mchanga hapa hapa Kizota, mbele ya karakana ya mtu anayeshona viti vya magari. Akatoka na mkasi mkononi, akaniinua, akaangalia goti, akaangalia pikipiki. Akasema, "Goti litapona lenyewe. Kiti ndicho kinahitaji fundi." Kilikuwa kimechanika kweli. Nikakaa kwake mpaka saa kumi, anashona, tunaongea. Anaitwa Imrani. Sijui kwa nini nakuandikia yote haya. Labda kwa sababu ilikuwa siku ya kwanza tangu msiba niliyoipitisha bila kumfikiria Ernest.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi,
Baba Violeth


Kibakwe
3 Machi 2024

Baba Violeth,

Salamu zimefika. Sisi wazima, mvua imenyesha vizuri na maharage yamesimama. Mama anasema magoti yake yana afya kuliko lako.

Pole sana kwa Ernest. Nilisimama na barua mlangoni mwa darasa mpaka watoto wakaanza kupiga kelele. Nakumbuka alivyotoa hotuba kwenye harusi akasahau jina langu, akaniita "bibi harusi wetu huyu" mpaka mwisho.

Kuhusu piko, nimecheka peke yangu jikoni. Lakini mimi nimeishi na wewe miaka kumi na saba. Mtu wa miaka arobaini na tisa hapaki piko kwa ajili ya marehemu. Umepata mtu. Kama ni mwanamke wa hapo ofisini kwenu, nitajie tu jina, na wala usinizunguke. Sitaumia. Niliondoka kwako kwa sababu nilichoka kuwa kama mgeni wa heshima nyumbani mwangu, lakini sikuondoka nikikuombea mabaya. Ukiwa na wa kukupikia chai, na mimi huku nitalala vizuri.

Akina Mama Paulina wa shuleni wanakusalimu.

Mama Violeth


Kizota
24 Machi 2024

Mama Violeth,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na umekaa peke yako. Kama kuna mtu karibu, iweke kwanza. Bahasha nimeigandisha kwa gundi ya kubandikia viti, ndiyo maana umehangaika kuifungua.

Si mwanamke. Ni yule fundi.

Nimeandika mstari huo nikaenda kunywa maji, nikarudi. Sasa naendelea.

Baada ya kiti cha pikipiki nilimpelekea begi lenye zipu mbovu. Baada ya begi nikampelekea mto wa kiti changu cha ofisini. Akaugeuzageuza, akasema, "Huu mzima." Nikamwambia najua. Akacheka kidogo tu, akanisogezea stuli. Tangu siku hiyo nikitoka kazini napitia pale. Ni mtu wa hapa hapa mjini, Mwislamu, ukoo wao uko Dodoma tangu zama za misafara ya biashara. Hakuwahi kuoa. Alimuuguza mama yake aliyepooza miaka tisa, akimgeuza kitandani asubuhi na jioni, hata watu wakaona aibu kumuuliza ataoa lini. Ana miaka hamsini na mmoja. Anaongea kidogo, lakini akinyamaza naye sioni haja ya kutafuta neno la kuziba.

Sikutegemea. Nilidhani umri wangu umekwishapita hayo, na hicho kitu nilikizika siku nyingi. Tangu kijana nilikijua, nikakifunika. Nilifunga, nilisali. Nilioa nikiamini kitaondoka, na nilikuchagua wewe kwa sababu sikuwa nimewahi kumpenda mtu kama nilivyokupenda wewe, ila haikuwa namna ambayo mke anastahili kupendwa. Ulikuwa unaniuliza, "Gerson, nimekosa nini?" nami nikijibu, "Hakuna." Lile jibu lilikuwa kweli. Hukukosa kitu hata siku moja. Nilitakiwa kukueleza kilichobaki, nikaogopa.

Unajua sheria, na unawajua watu. Neno moja likitoka, mimi nimekwisha, Imrani amekwisha, na Violeth atanyooshewa vidole na manesi wenzake wodini. Kwa hiyo nimeweka watu watatu mkononi mwako. Ukimaliza kusoma, choma.

Baba Violeth


Kizota
28 Julai 2024

Mama Violeth,

Habari za mavuno? Huku ni vumbi na upepo, na mimi ni mzima.

Huu ni mwezi wa nne sijapata jibu. Nilimuuliza kondakta, akaapa kwamba bahasha alikupa wewe mwenyewe mkononi. Violeth akinipigia namsikiliza sauti, labda umemwambia. Lakini anaongea kama kawaida. Pikipiki ikisimama nje, nadhani ni kaka zako wamekuja kunipiga.

Sikulaumu. Nimeandika kukutuliza. Mwezi wa tano nilikwenda karakana nikamwambia Imrani tusionane tena. Alikata uzi kwa meno, akaniambia, "Haya." Pikipiki nimemwachia kijana wa Ernest. Naenda kazini, narudi nyumbani, Jumapili naenda kanisani. Nimefanya hivyo kwa ajili yako na Violeth, ili msije mkapata aibu kwa sababu yangu. Sasa naishi kwa adabu, usiwe na wasiwasi.

Msalimie mama.

Baba Violeth


Kibakwe
9 Agosti 2024

Gerson,

Salamu zisubiri.

Barua ya fundi niliichoma siku ile ile, mama akiuliza ni nini kinanuka jikoni. Hakuna mtu niliyemwambia, wala hakuna nitakayemwambia. Unanijua vibaya kama ulidhani nitawatuma kaka zangu. Nilinyamaza kwa sababu kila nikishika kalamu yalitoka matusi, na mimi ni mwalimu.

Sasa nikueleze jambo usilolijua. Miaka ile yote nilidhani nina harufu. Ulikuwa unageukia ukutani, nami nikasema lazima mwili wangu una kasoro ambayo mwanaume mwenye adabu hawezi kuitaja. Nikawa nabadilisha sabuni. Nilikunywa dawa za tumbo. Siku moja nilijifungia na dada yangu chumbani nikamwambia, "Ninuse, uniambie ukweli." Alilia kabla yangu. Wewe ulikuwa sebuleni, unasikiliza taarifa ya habari. Ulijua sababu, ukaniacha nijisugue.

Nimelipalilia shamba zima kwa hasira hiyo, nikang'oa na maharage.

Halafu, sitakuficha, kuna asubuhi moja mwezi wa sita niliamka nikiwa mwepesi. Nilikuwa nafua, nikasikia naimba. Nikajiuliza kuna nini leo. Ndipo nikaelewa: sikuwa na kasoro. Kumbe sikuwa na kasoro! Ningekuandikia siku hiyo, lakini nilitaka kuifurahia kwanza peke yangu.

Sasa inakuja barua yako hii nyingine, eti umemwacha yule mtu kwa ajili yangu. Usinisingizie. Mimi sikukutuma. Ulinioa kwa ajili ya watu, sasa unamwacha mwenzako kwa ajili yangu, kesho utafanya nini kwa ajili ya nani? Mtu aliyemgeuza mama yake kitandani miaka tisa hakustahili kufukuzwa kwa sababu mwalimu mmoja wa Kibakwe amechelewa kujibu barua. Tulikuwa wawili wapweke katika nyumba moja. Ukaona haitoshi, ukaongeza wa tatu.

Nenda karakana. Fungeni milango, fungeni midomo, mjichunge. Lakini nenda.

Zipora


Kizota
20 Oktoba 2024

Zipora,

Natumaini hamjambo wote, na kwamba hasira imekuachia mazao ya kutosha. Mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa kwa miaka mingi.

Kwanza habari ya sabuni. Nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa sakafuni. Nilijua nakukosea, ila nilijiambia kwamba nisipokupiga wala kukutukana, nisipokuwa na mwanamke nje, basi nimekutendea haki. Sikutaka kujua zaidi. Nisamehe. Kama bado hujaweza, sitakuharakisha.

Nilikwenda Jumatatu iliyofuata. Alikuwa na oda ya viti vya basi zima, vimejaa mpaka nje. Hakuinua kichwa. Nikamwambia, "Imrani, nilikosea."

Akasema, "Shika hapa. Vuta."

Nikashika, nikavuta, yeye akapiga pini. Tukaenda hivyo kiti baada ya kiti, vidole vikaniuma. Kwenye cha kumi hivi akauliza, "Nani amekuambia urudi?"

"Mama wa mtoto wangu."

Akaacha kazi, akanitazama. "Anajua?"

"Anajua. Ameniandikia matusi ya kurasa mbili."

Akafuta jasho kwa kiwiko, akasema, "Basi huyo mama ana moyo, na wewe una bahati usiyoistahili." Akarudi kwenye viti. "Ila mimi si mlango, Gerson. Hunifungi ukiogopa, ukanifungua ukitulia. Ukiondoka tena, usipitie hapa hata kununua uzi." Nikamwambia nimesikia. Akanituma maji ya kunywa, nikajua nimesamehewa nusu. Nusu iliyobaki ilichukua mwezi mzima.

Sasa amehamia vyumba vya uani kwangu. Majirani wanamwita mpangaji, na hakuna anayeshangaa wazee wawili wakila sahani moja. Ijumaa anakwenda msikitini, Jumapili mimi kanisani, anayebaki nyumbani ndiye anayepika. Tunajichunga. Kuna siku najisikia kama mtu anayebeba mayai sokoni. Lakini jioni akivua viatu barazani na kuanza kunisimulia wateja wake, mayai yote nimeyatua.

Violeth anasema macho yako yanakusumbua na huoni ubaoni. Njoo kliniki ya macho hapa mjini. Chumba cha mbele ni chako. Imrani ndiye amesema nikuandikie hivyo, mimi niliogopa.

Gerson


Kibakwe
8 Desemba 2024

Gerson,

Nimefika salama, na miwani yangu. Nimegundua kwamba nyumba ya mama ina nyufa, na kwamba nimezeeka. Mengine yote ni mazuri. Mvua ya kwanza imeshuka juzi, kesho napanda.

Sitakuficha kwamba siku ile ya kwanza, basi lilipoingia mjini, nilitaka kugeuza. Nilikuwa nimejiandaa kukuta kitu cha kunitisha au cha kuniliza. Nikamkuta mwanaume mwenye miguu mirefu anachambua mchele mlangoni. Akasimama, akafuta mikono, hakujua aniite nani. "Karibu, she..." akakwama. Tukatazamana, sote tukaanza kucheka, na wewe ukasimama katikati umeshika begi langu kama umeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Nimewaangalia siku nne. Unaongea huku mdomo umejaa chakula. Unabishana kuhusu chumvi. Ukitoka bafuni unaimba wimbo wa kwaya na unaukosea, na yule Mwislamu ndiye anakurekebisha maneno! Nilidhani nimeishi na wewe miaka kumi na saba, kumbe sikuwahi kukutana nawe. Siku ya pili niliingia chumbani nikalia kidogo, kwa ajili yangu mwenyewe. Imrani aliliona jicho langu, akanikatia zabibu kwenye bakuli akaziweka karibu. Nimeelewa ulichokiona.

Hasira bado inanitembelea siku moja moja. Ikija naipa jembe.

Violeth amenipigia kuuliza baba anaendeleaje, mbona sauti yake imebadilika. Nimemwambia baba yako ni mzima, amenenepa. Hayo mengine utamwambia wewe siku ukiwa tayari. Ukitaka nikae pembeni yako siku hiyo, nitapanda basi.

Nimalizie na ya stendi. Mlipokuwa mmenipandisha, Imrani anahangaika na kapu langu dirishani na wewe unamfokea kwamba anaponda nyanya, yule mama niliyekaa naye kiti kimoja aliniuliza, "Hao wazee ni nani wako?"

Sikufikiri hata kidogo. Nikamwambia, "Ni kaka zangu." Basi likaondoka, nanyi mkabaki mnapunga mkono mpaka tulipokata kona.

Dada yenu,
Zipora