Kimia Ulichonikazia, Bibi

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua hii naiacha bila kuifunga, makusudi. Baba ataisoma kwanza hapa Dubai, kwetu International City, halafu huko Unguja shangazi atakusomea kwa sauti ukumbini. Akifika mahali pa aibu asiruke, maana niliyoyafanya niliyafanya mbele za watu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nahodha wa timu kwa dakika kama kumi hivi. Mimi, niliyekuwa najificha chooni kila kipindi cha michezo! Kwa nini ziwe dakika kumi tu, nitafika huko. Wewe ndiye unayeweza kunirudishia unahodha wangu, kwa hiyo kaa vizuri usikilize.

Unakumbuka siku nilipoileta ile fimbo nyumbani? Ulikuwa umekuja kututembelea, ukanikuta mlangoni na mti mrefu wenye kimia kichwani, ukauliza kama Dubai kuna mapera ya kuangua. Nikakueleza kwamba ni mchezo, unaitwa lakrosi: mpira unaudaka kwa kimia, unakimbia nao humo humo, unautupa golini. Ukasema, "Kumbe mikono Mungu alitupa bure."

Lakini ni wewe uliyenifundisha. Kocha alikwisha kunieleza mpaka akachoka kwamba fimbo unaichezesha taratibu huku na huku ili mpira utulie, nami nilikuwa naitikisa kama nakung'uta zulia. Siku moja ukaacha kuchambua mchele ukanitazama. "Mwana wee, mtoto halali hivyo. Mbembeleze." Ukanishika mikono, tukaizunguka meza ya sebuleni tukimbembeleza mpira, wewe unaimba wimbo wa kumlaza mtoto, Baba anatafuta miwani yake chini ya miguu yetu. Tangu siku hiyo mpira haunitoki nikikimbia. Na nikaupenda mchezo ule, Bibi, nikaupenda vibaya sana. Nikiwa na fimbo mkononi sikuwa na haya na mtu yeyote. Tatizo ni kwamba nikiiweka chini, haya zote zilinirudia.

Ikaja Jumamosi moja, ungali huku kwetu, ambayo kocha alikuwa achague timu. Asubuhi nilipokuwa naoga ukaiona fimbo imeegemea ukuta, kimia kimebonyea katikati, roho ikakuuma. Marehemu baba yako alikuwa fundi wa kuwamba vitanda vya kamba, na kwenu kitanda kilicholegea kilikuwa fedheha ya nyumba nzima. Ukaketi chini, ukafungua mafundo, ukavuta na kukaza kamba moja moja, ukafunga kwa fundo la marehemu, kisha ukaitia fimbo mfukoni mwake. Hukujua kwamba pale palipobonyea ndipo mpira unapokaa. Mimi nami sikutazama. Nilikuwa nimechelewa, nikainyakua ikiwa ndani ya mfuko wake tukakimbilia basi.

Uwanjani wenzangu walikuja na wazazi wenye viti vya kukunja na masanduku ya barafu. Wewe ukatandika mkeka kando ya mstari, ukavua viatu, ukapanga chupa ya chai na bakuli la visheti. Nikaanza kusogea upande wa pili wa uwanja tangu hapo, kama ulikuwa hukuona.

Pasi ya kwanza ikaja, mpira ukagonga kimia changu ukaruka moja kwa moja kwa wapinzani. Ya pili ikanirudia puani. Ya tatu ikampata mwamuzi begani. Kocha akasimamisha mchezo, akaichukua fimbo, akakigonga kimia kwa kidole, kikalia kama ngoma. Akauliza nani amefanya hivi. Kiingereza hicho hukukielewa, lakini kidole ulikielewa. Ukasimama juu ya mkeka na mikono yote miwili hewani.

"Mimi! Nimekiwamba mwenyewe! Hata akilala mtu mzima hakibonyei!"

Kocha alicheka mpaka akakaa kwenye majani. Uwanja mzima ukakugeukia. Msichana mmoja akaniuliza yule mama ni nani, nami nikafungua mdomo nikasema, kwa Kiingereza safi kabisa, kwamba ni maid, mtumishi wetu wa nyumbani.

Kiingereza chako hakizidi maneno thelathini, Bibi, lakini neno hilo uliitwa miaka kumi na moja katika nyumba ya madam wako kule Oud Metha, hapa hapa Dubai, ulipokuwa ukimsomesha Baba. Nilikuona ulivyolisikia. Ulishusha mikono, ukavaa viatu, ukamimina chai. Ukaniletea kikombe kwa mikono miwili, kichwa umekiinamisha.

"Tea, madam?"

Nikaichukua. Nikainywa.

Kocha akaniazima fimbo nyingine, nikafunga bao, nikachaguliwa. Nilipofunga niligeuka kuutazama mkeka. Nyumbani ulikuwa ukinipigia vigelegele hata mpira ukigonga kochi, jirani wa chini anagonga dari. Siku ile ulipiga makofi mawili madogo, vile anavyopigiwa mtoto wa tajiri. Hakuna kipigo kilichonipata uwanjani kikauma namna ile.

Ningelia, lakini hukunipa nafasi. Ndani ya basi ukakataa kukaa. "Madam akae." Nikakwambia viti vitupu viko tele. "Khalas, basi, madam, mimi nimezoea." Ukasimama mpaka nyumbani, umeshika bomba, abiria wananitazama kwa jicho baya. Na hukuishia hapo. Wiki nzima madam atakula nini, madam amalize maji ya kuoga tumsubiri, madam ruhusa nikasali. Baba alipouliza mbona unaniita hivyo, ukamjibu, "Usiniponze na kafeel wangu, ndiye mwajiri mwenye viza yangu." Akadhani ni mchezo, naye akaanza kuniita madam. Baba, sasa umejua. Naomba uendelee kusoma kabla hujaniita.

Ungeweza kunisema kwake, hukunisema. Siku ya safari, uwanja wa ndege, ukanibusu kwenye paji la uso ukasema, "Haya madam, uniandikie cheti kizuri cha kazi." Nikacheka. Neno la kuomba radhi lilikuwa limefika kwenye ulimi kabisa, nikalimeza, nikakupungia mkono kama mjinga.

Sasa turudi kwenye zile dakika kumi za Jumamosi iliyopita. Kocha alipomaliza kunivisha kitambaa cha unahodha, kipa wetu Wanjiru, msichana wa Nyeri ambaye mama yake anatandika vitanda hotelini, akapaza sauti: "Captain, siku ya finals si umlete ule maid wenu na ile chai? Hizo visheti zilinimaliza!" Wote wakapiga makofi. Ningeweza kucheka tena. Nilikuwa na kitambaa mkononi, kila mtu ananitazama kwa mapenzi, na nikaona kwamba nikinyamaza safari hii nitanyamaza maisha yangu yote.

Nikasema, "Si mtumishi. Ni bibi yangu, amemzaa Baba. Niliona haya."

Wanjiru akavua kofia yake ngumu ya kipa. "Wee! Shosho yako? Na akakuletea chai?"

"Ndiyo."

"Na ukakunywa?"

"Nikanywa."

"Yote?"

"Yote, Wanjiru."

"Aki, wewe ungekuwa kwetu shosho angekuchapa na hiyo hiyo stick." Akanijia, akanivua kitambaa, akakivaa yeye. "Nakuwekea. Shosho akisema umesamehewa, nakupatia." Kocha alipotafsiriwa habari yote, hakucheka. Akasema kipa ameamua vizuri.

Basi ndiyo hali yangu. Lakini hata wangenipa vitambaa kumi, ningekuandikia. Nisamehe, Bibi. Nilimwonea haya mtu aliyenifundisha kukimbia. Ukinisamehe usiniambie mimi, Wanjiru hataniamini. Mpigie yeye, namba nimempa Baba.

Fimbo ile sijailegeza. Imetundikwa juu ya kitanda changu na mafundo yako yote, na kila anayeiona namwambia nani aliyeiwamba. Fainali ni Hatta, kule milimani, na Baba ameshaanza kushughulikia viza yako. Mkeka uko nyuma ya mlango, pale pale ulipouacha. Nitautandika mimi, chai nitamimina mimi, nawe utakaa. Na nikifunga, Bibi, nakuomba kwa heshima zote, usinipigie makofi. Nipigie vigelegele mpaka waje kutufukuza.

Mjukuu wako,
Zuhura

(Madam ameacha kazi.)