Tundu la Medali ya Babu

Mushaki, Jumapili baada ya misa, mwezi wa tisa

Mama,

Imetimia miezi saba tangu tukuzike. Maharagwe ya shamba la juu yametoka vizuri, na ng'ombe wako mweupe bado hataki kukamuliwa na mtu mwingine ila mimi. Lakini nakuandikia kwa sababu ya medali.

Unamjua kaka Bauma na mizaha yake. Tulipofungua sanduku lako aliiinua kwenye mwanga akasema, "Mufalme gani huyu iko na tundu kwenye kichwa? Njo maana Wabelgiji walirudia kwao." Tulicheka, Mama, huku machozi hayajakauka. Wewe ulitufundisha kwamba ni feza ya kweli, kwamba babu alipewa huko Walikale wakati mfalme alipotembelea Congo, na kwamba ilitoka Ulaya ikiwa na tundu lake. Sikuwahi kubisha.

Bauma alitaka tuiuze tununue simenti ya kaburi lako. Nikakubali. Huku kwetu mvua inakula kaburi la udongo upesi, na niliogopa siku moja nitakuja nisijue ulipo.

Nikaipeleka Lushebere kwa mzee mmoja bijoutier, sonara aliyekimbia vita na mizani yake ndani ya koti. Aliifuta taratibu, akaipima, akaigonga kwa ukucha na kuisikiliza kama mtu anayesikiliza moyo. Kisha akanipa kioo chake cha kukuzia, nione neno dogo sana lililopigwa ukingoni: ARGENT, yaani feza. Upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili ukumbusho wa ziara yake, kwa Kifaransa na kwa Kiflamano, lugha nyingine ya Wabelgiji. Kumbe kila ulichosema kilikuwa kweli.

Isipokuwa kimoja. Mzee alisema kama ingekuwa nzima, wanaokusanya vitu vya kale wangetoa bei ya mbuzi wanne. Hivi ilivyo, mbuzi mmoja. "Mama, mwenye alitoboa hii aliua bei," aliniambia. Pete ya juu ya kupitishia utepe ilikatika zamani. Tundu lilipigwa kwa msumari, kutoka nyuma, na aliyepiga aliteleza mara mbili kabla ya kupenya. Alama zake bado ziko.

Nilirudi nikiwa na hasira. Nikapita kwa mama mudogo Zawadi kumuuliza nani aliiharibu. Akaweka chini kisu cha viazi.

"Ni mama yako," alisema. "Na ni wewe uliivaa."

Mama. Siku mliyokimbia vita kule Walikale nilikuwa sijaanza kutembea. Anasema ulikaa kwenye mlango ukipiga msumari kwa jiwe, watu wakikuita muondoke, kwa sababu kijiji chote kilijua medali ile ni ya nyumba gani. Ukaifunga shingoni mwangu kwa uzi wa mfuko wa mchele. Msituni risasi zikawatawanya, na mwanamke asiyetujua akaniokota. Siku ya nne, barabarani, mzee mmoja wa kwenu aliiona medali kifuani mwangu. Akasema mtoto huyu ana watu wake, akakutumia habari.

Miaka yote hiyo nilikuuliza juu ya tundu. Ulijibu Ulaya, ukaendelea kupepeta.

Nilipomsimulia Bauma hakufanya mzaha. Aliishika muda mrefu, akanirudishia. "Hii hatutauzisha. Simenti tutaona."

Kesho yake alianza kubeba mawe kutoka shamba lake. Jumamosi nne tumeyapanga kuzunguka kaburi lako, yeye, mimi na mama mudogo, ambaye anatuonyesha tunapokosea. Si kaburi la kutamanisha mtu. Lakini mvua kubwa ya juma lililopita ilipita kando, na udongo wako haukuguswa.

Leo nimeivaa ndani ya blauzi. Ni nzito, Mama. Sijui shingo yangu ya wakati ule iliwezaje, na sijui mkono wako ulipata wapi nguvu. Nakaa hapa, naigusa.

Basi nakuaga, ng'ombe wanangoja. Kila mvua ikipita nitapanda kuyarudisha mawe yaliyoanguka, hadi miguu yangu ishindwe. Na wewe huko uliko, nikumbuke.

Riziki, binti yako