Picha Tatu Kabla ya Mlango Kufungwa

Jumatatu, 6 Agosti 1956

Hili sijamwambia mtu. Mwezi uliopita nilivunja ungo. Nilifua alfajiri kabla Shangazi hajaamka, nikaanika kichakani nyuma ya choo, nikarudi kutwanga kama kawaida. Sasa nimeliandika.

Simwogopi somo, mwanamke anayefunda wali, na mafunzo yake. Naogopa kukosa picha. Nikisema tu, nitawekwa ndani kama Dada Mwanaidi, binti wa Shangazi, ambaye hajaota jua tangu masika. Mwali haendi sinema. Na daftari langu la picha limebaki karatasi sita.

Daftari lina karatasi ishirini na nne. Kila picha ya sinema nimeipa mbili. Ya kwanza naandika hadithi kwa Kiingereza. Ya pili nachora mpiga picha alisimama wapi. Hiyo ya pili ndiyo roho yangu. Kwenye picha ya mifugo, wenzangu wanamtazama ng'ombe. Mimi najiuliza nani alilala majanini akamtazama ng'ombe kwa chini vile asikanyagwe. Tisa nimemaliza. Zimebaki tatu.

Gari la sinema linafika kesho kutwa. Likiondoka halirudi mpaka mwakani.

Nimetwanga, nimechota maji ndoo nne, nimesuka mkeka kidogo. Mkeka umeharibika. Mawazo hayakuwepo.

Jumanne, 7 Agosti

Tangazo limebandikwa bomani. Jumatano hapa Kisarawe. Ijumaa Kibuta. Jumamosi Tumbi, barabara kuu. Chini yake yameandikwa majina ya picha kwa Kiingereza tu, kwa hiyo watu wamesimama mbele ya karatasi wakiitazama kama dawa ya hospitali. Nilisoma zote. Ningeweza kuwasomea. Sikufungua mdomo. Ndivyo nilivyo, najichukia.

Hapa: visima safi. Kibuta: maisha chini ya maji. Tumbi: safari ya gari moshi.

Visima lazima, kwa sababu vinaonyeshwa uwanjani nyuma ya nyumba. Halafu nataka maji. Halafu nataka gari moshi. Shangazi kanijibu huku anachambua mchele, hata hakuinua kichwa: "Safari moja, Zena. Kibuta au Tumbi. Na hiyo moja ni kwa kuwa baba yako kaniomba." Baba ni mwalimu wa shule kijiji cha Janga. Ananitetea kwa barua.

Shangazi hajawahi kuona sinema. Anasema ni shuka la maiti linalochezewa na taa.

Maji au gari moshi? Nimebadili mara sita.

Jumatano, 8 Agosti

Picha ya kumi.

Nimsifu kwanza Bwana Sefu, maana nikichelewa nitasahau. Ndiye mfasiri wa gari. Kaptura ya kaki, soksi ndefu, kipaza sauti mkononi kama muhogo wa kuchoma. Picha inasema Kiingereza, yeye anasema Kiswahili juu yake. Mimi nasikia zote mbili. Na leo ninakiri la pili: Bwana Sefu hafasiri. Anatunga!

Mzungu wa kwenye picha alisema kisima kijengewe ukingo. Bwana Sefu akasema, "Huyu anasema mama mkwe wake alitumbukiza ndoo ya tatu wiki hii, na ndoo ni za mahari." Uwanja ukalia kwa kicheko.

Mtu akapiga kelele, "Sefu, mwongo wewe!"

"Mwongo mimi? Njoo ukishike wewe hiki kipaza, nikakae na mkeo pale nile karanga!"

Lakini mwisho kila mtu aliondoka anajua kisima kijengewe ukingo. Hilo ndilo linanishangaza. Kadanganya neno kwa neno, na ukweli umefika mzima. Mwalimu wetu wa Kiingereza anatafsiri sawasawa na hatumwelewi.

Mpiga picha alikuwa ndani ya kisima. Nina hakika. Ndoo ilitushukia usoni na nyuma yake mbingu duara. Nimechora.

Niliporudi, Mwanaidi aliniita kupitia upenyo wa mlango. Amesikia yote, uwanja upo karibu. Akanisimulia ile picha. Mama mkwe ana makengeza, kisima kipo chini ya mnazi, ndoo ina tundu. Hakuna hata kimoja kilichokuwepo. Nilitamani kuiona picha yake kuliko niliyoiona.

Alhamisi, 9 Agosti

Ile ya mwezi uliopita imerudi. Asubuhi.

Nimemwambia Shangazi tumbo linauma. Akasema ni maembe mabichi. Agosti, maembe yako wapi? Lakini alisema hivyo, na mimi nikasema ndiyo.

Jioni nimepika mimi. Kisamvu cha nazi. Nikafika kwenye chumvi, mkono ukakataa. Nimemsikia somo akimfundisha Mwanaidi nyuma ya mlango: mwanamke akiwa katika siku zake hatii chumvi chunguni, atakayekula atashikwa na kifua. Shangazi tayari anakohoa. Uongo wote nimeuweza. Huu sikuuweza. Nikamwita mtoto wa jirani anitilie, hakuwepo. Nikapakua bila chumvi.

Shangazi alionja. Akanitazama. Akaonja tena. Akachukua kopo la chumvi, akatia mwenyewe, akakoroga taratibu.

Mjinga mimi. Ningesema nimesahau. Msichana ambaye hajavunja ungo hasahau chumvi kwa namna ile, akisimama na kopo mkononi muda wote ule.

Labda hakuelewa. Labda alifikiri nimezubaa. Huwa nazubaa.

Ijumaa, 10 Agosti

Kibuta. Nimechagua maji. Sababu: kama kesho mlango utafungwa, basi leo nione pale ambapo mtu hawezi kusimama kabisa.

Nilikwenda na wake wa jirani, mchana, kwa miguu. Nilikuwa nasubiri Shangazi aniite nirudi. Hakuita. Alinifungia muhogo wa kuchemsha kwenye jani la mgomba.

Picha ya kumi na moja. Samaki wanapita usoni. Majani yanacheza bila upepo. Mtoto mmoja aliziba pua mpaka ikaisha. Bwana Sefu alimpa kila samaki kabila na tabia yake, sitaandika hapa, walikuwepo wazee. Mimi nililia kidogo. Hakuna aliyeona.

Halafu nimefanya jambo. Wakati wanakunja kitambaa nilikwenda hadi garini. Nikamwamkia Bwana Sefu, shikamoo, akasema marahaba binti. Yeye akaendelea kupanga mikebe ya mikanda. Ndipo nikauliza: mpiga picha alisimama wapi?

Akaacha mkebe. "Unasemaje?"

Nikarudia, kwa sauti ndogo zaidi.

"Miaka minane nazunguka na gari hili," akasema. "Wameniuliza samaki analiwa? Wameniuliza yule Mzungu ana wake wangapi. Hilo hapana." Akajikuna shingo. "Sijui, mwanangu. Wallahi sijui. Njoo Tumbi kesho. Gari moshi linakuja moja kwa moja kutumeza, linatupita juu. Hapo ndipo uulize vizuri."

Linatupita juu. Sasa nitalalaje? Safari yangu moja nimeshaitumia. Ningejua ningeacha samaki. Hapana, nisingeacha. Sijui.

Jumapili, 12 Agosti

Jana sikuandika. Sikuwa nyumbani. Niandike polepole, kila kitu mahali pake.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nafagia uani. Shangazi akatoka amevaa kanga mpya na viatu vyake vya Idi, vinavyombana. Akasema, "Oga. Lori la mbao linakwenda Tumbi, nimeshasema na dereva. Tutalala kwa shoga yangu."

Nikauliza kuna msiba?

"Kuna gari moshi," akasema.

Sikuelewa. Njia nzima sikuelewa. Alikaa mbele na dereva na kanga puani kwa sababu ya vumbi, mimi juu ya mbao. Somo alibaki na Mwanaidi.

Jioni uwanja ulijaa. Shangazi alikaa chini ameshika viatu mkononi, amenuna. Kitambaa kilipoanza kuwaka akasema "Astaghfirullah" halafu akafunga mdomo. Sijamwona Shangazi amefunga mdomo hivyo maishani.

Gari moshi likaja. Likawa dogo, likawa kubwa, likawa kitambaa kizima. Watu wa mbele wakakimbia. Mzee mmoja akaacha kofia yake. Likatupita juu, vyuma, mvuke, giza, halafu kwa kitambo mbingu. Mwenye mashine akarudisha mkanda nyuma kidogo. Bwana Sefu alimwomba, nilimsikia.

Akashika kipaza sauti. Hakutunga chochote. Akasema, "Ndugu zangu, nina swali. Si langu, nimepewa na binti mmoja Kibuta. Huyu aliyepiga picha hii, alisimama wapi?"

Watu wote wale, pamoja, walitazama kile ambacho mimi natazama siku zote peke yangu. Nilijifunika uso kwa kanga. Nilikuwa nawaka.

"Juu ya mti!" mmoja.

"Mti gani katikati ya reli, mpumbavu?"

"Alikufa huyo! Picha wameiokota kwa marehemu!"

Kicheko. Mkanda ukapita tena. Ndipo nikasikia pembeni yangu, sauti ya chini kabisa, ya mtu anayesema na chungu chake:

"Shimoni. Kachimba kashimo katikati ya reli, kajilaza. Angalia tumbo la gari linavyopita. Angalia zile mbao za reli zilivyo juu ya macho yetu."

Nikaangalia. Zilikuwa juu ya macho yetu.

Shangazi! Mara yake ya kwanza. Mimi nimeanza kuyaona mambo haya baada ya picha tano.

Leo asubuhi tumerudi kwa lori lile lile. Halikuwa na mzigo, tukakaa nyuma sote wawili. Karibu na kufika akasema, bila kunitazama, "Kile kisamvu cha Alhamisi nilitia chumvi mwenyewe. Usihofu kikohozi changu."

Nikasema ndiyo, Shangazi.

"Nilihesabu," akasema. "Kwenye daftari lako. Kiingereza sijui, kuhesabu najua. Zilibaki karatasi nne."

Basi. Hayo tu. Kumbe alijua tangu Alhamisi. Alinifungia muhogo wa Kibuta anajua. Alivaa viatu vinavyombana anajua. Nilidhani namficha mimi, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akinifichia, mbele ya somo, mbele ya jirani, siku tatu nzima.

Nilishika kanga yake, ncha tu, mpaka lori likasimama.

Jumatatu, 13 Agosti

Kumetulia. Gari la sinema limeondoka asubuhi kuelekea Morogoro, nilisikia honi.

Picha ya kumi na mbili nimeiandika. Nimechora reli, kashimo, mtu amelala chali na mashine yake kifuani. Pembeni nimeandika: *jibu la Shangazi*. Ukurasa umejaa mpaka chini. Daftari la picha limekwisha.

Somo atakuja baada ya alasiri kunitia ndani. Sijui ni wiki tatu hadi shule ifunguliwe au ni miezi. Baba ameandikiwa, jibu bado. Kuna msichana darasani kwetu alitoka likizo hakurudi. Hilo naliogopa na nitaendelea kuliogopa, siwezi kuandika vingine.

Mkeka wangu umetandikwa tayari kando ya ule wa Mwanaidi. Ameniuliza mlangoni nimwanzie ipi. Nimesema ya samaki. Amesema hapana, yeye atanisimulia samaki kwanza, halafu mimi nimwambie nilichoona, tuone ya nani nzuri. Ninajua itakuwa ya nani.

Nasikia Shangazi anakuja. Hatua zake nazijua, mguu wa kulia anauburuta tangu Jumamosi, malengelenge ya viatu. Siku zote nikizisikia daftari hili la siri huenda chini ya mkeka na mimi hushika ukili wa kusuka.

Amekohoa ukumbini. Amefika mlangoni.

Nimeliacha wazi. Wino haujakauka.