Mto wa Kochi Tumboni, Magari Mawili Mlangoni

Mpendwa mshauri,

Pokea salamu zangu, mimi mama mshona mapazia, naomba msaada, lakini kwanza nikujulishe kwamba hapa nyumbani sote ni wazima, baba watoto mzima isipokuwa goti lake, mwanangu wa kwanza anayeuza simu mzima na maneno yake mengi, binti yangu mzima na tumbo lake ambalo nesi amesema ni la wiki hii au ijayo, mumewe, yaani mkwe wangu fundi friji, naye mzima, na magari yao mawili ni mazima pia, na hayo ndiyo yanayoniua.

Mshauri, mwanangu alinunua gari jeusi, yale makubwa yaliyonyanyuka juu, na mwezi haujaisha mkwe naye akaleta lake jeupe, limenyanyuka vilevile, na tangu siku hiyo hakuna anayekula kwa amani, kazi ni kubishana lipi linachomoka haraka kutoka sifuri mpaka mia. Mwanangu anasema, "Shemeji, hilo lako linaondoka kama mtu anayeaga msibani." Mkwe anamjibu, "Na lako shemeji linaruka kama limekalia siafu, likiona mlima linaomba maji." Huyu anataja turbo, huyu anataja dizeli, na mimi hapo nakosea pindo za mapazia ya watu.

Sasa wamekubaliana kwamba litakaloshinda ndilo litakalompeleka binti hospitali kujifungua, na mwenye gari ndiye atakayempa mtoto jina, na jaji ni mimi, eti kwa kuwa ni mama wa wote, na kwa kuwa binti hawezi kurushwarushwa wakasema nikae mahali pake, wakanifunga mto wa kochi tumboni kwa shuka, nikakubali mshauri, nilidhani ni mara moja tu, kumbe kila jioni natolewa mlangoni nimeshikwa huku na huku, napakiwa gari moja mpaka geti la hospitali, narudishwa, napakiwa la pili. Mkwe wangu ni kijana wa heshima, hata kunipita mlangoni anaona haya, lakini jana kaniambia, "Samahani mama, lia kidogo, tupate hali halisi." Nikalia mshauri, na sikuigiza, alikuwa amepita juu ya tuta.

Nikuambie ukweli wa hayo magari. Jeusi likikanyagwa mafuta, kichwa kinabaki nyumbani na mwili unatangulia, kisha breki zinakurudishia kichwa. Jeupe linafikiri kwanza, unasikia linanguruma tu, halafu linakumbuka kazi, na ule mlima wa hospitali linaupanda kama halijauona. Hiyo mia yenyewe sijaiona kwa lolote, maana mshale haujafika hata nusu tayari kuna tuta au taa nyekundu. Nikisema hivyo wananiambia mama hujaelewa.

Na majirani! Msusi wa mlango wa pili kaniona nikipakiwa, kesho yake kaja na soksi za mtoto alizofuma mwenyewe, ananinong'oneza, "Dada, usione haya, ni baraka hiyo." Kinyozi kampongeza baba watoto, naye badala ya kukana kavuta kiti akaagiza soda.

Hayo ningevumilia, lakini juzi binti kasikia habari ya jina. Akavua viatu, akakaa chini karibu na cherehani yangu, akasema, "Mama, mwanangu si kombe. Sipandi jeusi wala jeupe. Uchungu ukija nitazalia hapa hapa." Na huyo akisema kasema, na hii ni mimba ya kwanza, naogopa mshauri, usingizi sina. Nikichagua la mwanangu mkwe ataona nimembagua, nikichagua la mkwe mwanangu atanuna mpaka mjukuu aote meno, nikinyamaza binti atazalia kwenye mapazia ya wateja. Nifanyeje? Tafadhali nijibu upesi, maana tumbo halisubiri gazeti.

Ni mimi, mama mwenye mto.

*

Mama mwenye mto,

Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zote. Nimecheka, kisha nikakasirika, na kipande kikubwa cha hasira ni chako. Umezaa mara mbili, unajua uchungu ulivyo, halafu unakubali kufungwa mto na kuzungushwa kama godoro linalohamishwa! Ungebaki kwenye cherehani yako siku ile ya kwanza, wangekimbizana wenyewe mpaka mafuta yawaishie.

Jibu la mashindano umeshalitoa mwenyewe. Kwenye barabara tupu iliyonyooka, jeusi litaliacha jeupe. Mlimani, jeupe litacheka. Lakini wanashindania mia ambayo barabara yenu haina. Mwenye uchungu hahitaji kuchomoka, anahitaji dereva anayeliona tuta kabla mgongo wa mzazi haujalisikia.

Hofu yako naielewa, pole mama. Ila binti hajaikataa hospitali. Amekataa kuwa mzigo wa majaribio, na hapo yuko sawa kabisa.

Waite wote leo, kabla hata ya chakula. Jina ni la binti na mumewe, mjomba mtu afunge mdomo. Gari ni jeupe, kwa sababu ya mlima, na kwa sababu ni la baba wa mtoto. Lakini baba huyo asiguse usukani: mume anayemsikia mkewe akilia nyuma haoni taa nyekundu. Aendeshe mwanao. Ndiyo, gari la shemeji yake, tena taratibu. Mkwe akae nyuma, mkono wake ubanwe na mkewe mpaka uingie ganzi. Jeusi libaki mlangoni na mafuta yake, likiwa la akiba. Begi lifungwe leo, na namba ya nesi ibandikwe ukutani.

Kisha jioni wafungwe mto wao, kwa zamu, huyu aendeshe, yule alie. Wewe na binti mkae mlangoni muwatazame. Akishacheka, muulize tena habari ya kupanda gari.

Msusi mwambie ukweli, lakini soksi usirudishe. Na baba watoto soda za watu aache.