Siku Kidato cha Kwanza Walipomtafuta Mbuzi Wangu

Jumatano. Upepo umevuma tangu alfajiri na wilaya yote ya Chemba imegeuka rangi ya matofali, mimi nikiwemo. Nina vumbi mpaka kwenye kope, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Nianze na jana, maana jana nilikuwa na hali mbaya.

Mkuu wa shule alikuwa amenijulisha kwamba leo ataingia darasani kunikagua. Tangu Januari nafundisha Kiingereza Kidato cha Kwanza, na tangu Januari watoto wale hawajafungua midomo zaidi ya "Good morning, madam." Aliniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza, kwamba akikuta kimya kilekile, kipindi atapewa mwenzangu. Mada ilikuwa vivumishi. Kitabu kina picha ya theluji na nafasi za kujaza.

Nikarudi nyumbani na mzigo huo kichwani, nikakuta kamba imekatika na mbuzi hayupo.

Mimi ni mtoto wa Makole, mjini. Mbuzi yule nilimnunua mnadani wiki tatu zilizopita na nikajiona mfugaji mkubwa. Nikakimbilia kwa jirani yangu Mama Hawa, aliyekulia kwenye mifugo, hata shikamoo nikaisahau. Huku Chemba, mnyama akipotea hutangazi tu kwamba kapotea. Unapita nyumba kwa nyumba ukimweleza alivyo, mpaka unayemweleza amwone kichwani. Mimi nikasema nimepotelewa na mbuzi wangu, mbuzi mzuri sana.

Mama Hawa akaacha kupepeta mtama. "Mwalimu, wote wazuri. Wako yukoje?"

Nikasema wa kahawia. Akauliza pembe. Akauliza masikio, yamekatwa alama au la, na upande gani. Akauliza miguu. Sikujua hata kimoja. Nimemlisha kwa mikono yangu wiki tatu nzima! Mama Hawa alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanieleza mbuzi wangu mwenyewe, ambaye alimwona mara moja tu siku nilipomleta: mguu mmoja wa nyuma mweupe, pembe ya kushoto fupi, sikio la kulia lina mkato mdogo. Tulizunguka nyumba nne, hatukumpata.

Niliona aibu. Halafu, nikiwa nanawa miguu, nikaona nimeshapata somo la kufundisha.

Leo mkuu alikaa nyuma na daftari lake. Kitabu sikukifungua. Niliwaambia wanafunzi kwa Kiingereza chepesi kwamba mbuzi wangu amepotea, wanisaidie kumtafuta, "a good goat, a very good goat."

Mkuu akainamia daftari lake, akaandika kitu.

Kisha kicheko kilichobanwa kikatoka dawati la Zuhura, msichana ambaye sikuwahi kusikia sauti yake, na darasa zima likaangua kicheko. Watoto wa wafugaji hawawezi kuvumilia maelezo mabovu namna ile. Zuhura akainuka. "Madam, horns long? Horns short?"

Nikajibu, moja ndefu, moja fupi, nikaandika maneno yote mawili ubaoni. Mwingine akataka rangi. Mwingine akataka umri, akakosa neno, mwenzake akamnong'oneza "old". Makosa yalikuwa tele na sikuyagusa, yatasubiri Ijumaa. Ubao ukajaa, na kule nyuma mkuu wa shule mwenyewe akanyoosha mkono kuuliza habari za mkia.

Zuhura alikuwa bado amesimama. Akasema polepole, akilitafuta kila neno: "Madam, brown goat, white leg, small cut, right ear. She is with our goats."

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka ofisi ya walimu. Mimi niligeukia ubao nikajifanya nafuta, maana machozi yalikuwa yananitoka. Mkuu alipotoka alisema tu kwamba kipindi kibaki kwangu, na kwamba ninunue kamba nzuri.

Mbuzi ameletwa mchana na nusu ya darasa, wote wakimsifia kwa Kiingereza.

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu. Jioni hii nimetoa fomu za maendeleo ya wanafunzi ninazotakiwa kukabidhi wiki hii. Kwenye nafasi ya maoni ya mwalimu, kwa Zuhura nilikuwa nimeandika "Weak". Dhaifu. Nikafunua ya pili: "Weak". Ya tatu pia. Wanafunzi arobaini na wawili, neno moja, mwandiko wangu.

Mmoja wao akipotea leo, nitakwenda kwa Mama Hawa nikaseme nini?

Namshukuru Mungu niliandika kwa penseli. Nimefuta zote. Kwa Zuhura nimeandika "careful", nikaongeza "brave", nikafikiri kidogo, nikaongeza "funny", kwa sababu ndiye aliyeanza kunicheka.

Wamebaki arobaini na mmoja. Kesho nitawahi darasani, nikae, niwaangalie vizuri.