Sauti Inayotoka Ukutani Pasipo na Bafle

Mama Mshauri wa redio yetu, nakuandikia nikiwa na daftari langu magotini, kwa sababu mambo ya nyumba yangu huwa nayaandika na tarehe zake, na sasa tarehe zimejaa mambo yanayonitia shaka, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, siku ambayo kaka yangu Amuri anakuja na moto, yaani pikipiki, kutoka Wamaza kunichukua, mimi na mtoto wangu Djamila, tuondoke Kasongo.

Tarehe 10 Januari mume wangu Iliasi alileta kutoka Salamabila ampli ya muziki na bafle tatu, yaani spika, mbili ndefu, ya kulia na ya kushoto, na moja fupi na pana ya katikati, na kila alasiri tuliketi wote kwenye benchi, na popote ulipoketi sauti ya mwimbaji ilitoka katikati, safi. Tarehe 6 Februari nilirudi kutoka sokoni nikakuta bafle ya katikati haipo, waya wake umeviringwa na kutundikwa kwenye msumari, benchi limesukumwa mlangoni, na katikati ya chumba kuna kiti kimoja tu, cha Iliasi.

"Baba Djamila, bafle ya katikati iko wapi?"

"Niliiweka."

"Uliiweka wapi?"

"Ile ni ya filamu, mama. Kwa muziki inabana kila kitu, magitaa yote inasikika sawa vile iko ndani ya kopo. Mbili inatosha."

"Na kiti moja nayo inatosha?"

"Muziki iko na kiti yake," akasema, akafumba macho.

Tarehe 11 Iliasi alikuwa shambani Lusangi, nikaketi kwenye kiti chake, nikapiga wimbo uleule wa kila alasiri, na sauti ya mwimbaji, mwanamke, ikatoka katikati ya ukuta, mahali ambapo hakuna kitu ila kalenda, nikainuka kwenda mlangoni, sauti ikahamia kwenye bafle iliyo karibu na mlango, nikarudi kitini, ikarudi ukutani. Nilijaribu mara sita, nimeandika zote. Na nyuma ya ukuta huo, hatua mbili tu, kuna nyumba ya Hidaya, mjane, mshonaji wa nguo. Nikaelewa kwamba bafle yetu iko kwake, na wanasikiliza pamoja, yeye huko na mume wangu huku.

Tarehe 14 nilikwenda kwake kuazima ungo, nikaona juu ya meza kitu kipana kimefunikwa kitambaa cha maua.

"Mama Djamila, mbona macho inatembea hivyo?"

"Natafuta kuku yangu."

"Kuku yako siku hizi inapanda meza?"

Tangu siku hiyo simsalimii, na tarehe 18 aliniletea sahani ya wali nikamrudishia kama ilivyokuja, haijafunuliwa, na siku hiyohiyo nikampigia Amuri simu. Je, nimekosea kuondoka?

Mama Djamila, Kasongo

JIBU

Mama Djamila, daftari lako ni zuri kuliko kichwa chako. Pole, lakini nitasema.

Bafle mbili zikitoa sauti moja kwa nguvu sawa, na wewe uko umbali sawa kutoka kwa zote mbili, sikio lako huiweka sauti hiyo katikati, hata kama pale hakuna kitu ila kalenda. Ukisogea mlangoni, bafle ya karibu inashinda. Hayo uliyaona mara sita, ukaandika, kisha ukamshitaki mjane.

Soma tena tarehe 6. Waya uko kwenye msumari. Bafle bila waya inaimba kwa kitu gani, kwa pumzi ya Hidaya? Na anayegawa bafle huigawa na waya wake. Soma pia tarehe 14. Mshonaji hufunika nini juu ya meza yake, kama si cherehani?

Sijasema mumeo hana kosa. Kwa muziki ana haki, mbili zinampa magitaa yaliyotandazwa vizuri. Lakini kiti kimoja katikati ya chumba, mke mlangoni, na jibu la "niliiweka", hayo ndiyo yaliyokuumiza, na hayo hukumwambia mtu yeyote. Uliliambia daftari.

Leo mwambie Iliasi, "Nionyeshe bafle." Usimuulize iko kwa nani. Akishindwa kukuonyesha, niandikie, nami nitabadilisha maneno. Akikuonyesha, tandika mkeka mbele ya kiti chake, keti, egemea magoti yake. Kwenye mstari huo wa katikati, wote wawili mtasikia sauti ikitoka ukutani. Muziki huo una kiti kimoja, lakini haukukataza mkeka.

Kwa Hidaya, pika wali mwenyewe, upeleke mchana watu wakiona, na umwombe radhi kabla hajafunua sahani.

Amuri usimzuie, safari ya moto kutoka Wamaza si mchezo, aje anywe chai. Siku hiyo mtakuwa wengi, basi toa waya kwenye msumari, rudisheni bafle ya katikati na benchi, kila mtu asikie alipo. Akiondoka, aondoke peke yake. Na wewe uandike tarehe.